Kuimba kwa Sauti ya Kuazima

Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa muziki wa kanisa aliingia darasani siku moja akiwa na santuri kuukuu mkononi, ameifunika jalada lake kwa gazeti. Aliiweka kwenye mashine, akatuambia tusikilize kisha tuseme anayeimba ni nani. Ngoma zilianza, saksafoni ikadakia, halafu ikaja sauti ya mwanamume iliyokuwa kama imekimbia umbali mrefu. Nyuma yake waliimba wanawake na mwanamume mmoja, wakimwitikia jinsi kwaya inavyomwitikia mwimbishaji Jumapili ya Pasaka. Wengi wetu tulisema huyu ni Mmarekani mweusi, na bila shaka amelelewa kanisani. Wachache walibisha, wakasema kuna kitu hapo kinaigizwa.

Mwalimu aliondoa gazeti. Kwenye jalada alikuwapo kijana mweupe, mwembamba, sigara mkononi, moshi ukipanda. Wala hakuwa Mmarekani. Alikuwa Mwingereza wa London, David Bowie, na albamu iliitwa Young Americans, ya mwaka 1975. Mwalimu akauliza swali moja tu, je, huyu ni mwizi? Kengele ya chakula cha mchana ikalia, tukatoka. Swali hilo tumetoka nalo, tumebarikiwa kuwa wachungaji tukiwa nalo, na limeturudia mahali ambapo hatukulitarajia, kama tutakavyoeleza.

Mzee Isaka naye alipewa mtihani wa namna hii. Macho yalikuwa yamefifia, sauti aliyoisikia ikawa ya mwana mmoja na mikono aliyoipapasa ikawa ya mwingine. Tunapohubiri Mwanzo 27 tunakaza sana udanganyifu wa Yakobo na kupita haraka juu ya jambo dogo lililomo: siku ile sauti ndiyo iliyosema kweli. Ngozi ndiyo iliyodanganya, tena ngozi ya mbuzi. Kwenye santuri ile mambo yaligeuka. Ngozi haikuficha kitu, ipo pale kwenye jalada. Kilichoazimwa ni sauti.

Ndugu msomaji anaweza kujiuliza mchungaji wa Kilutheri anatafuta nini kwenye santuri ya dunia, yenye sigara juu yake. Tunaomba uvumilivu wake. Tutafika kanisani, na tutakapofika tutakuta tulikuwa humo tangu mwanzo.

Kwanza, habari zenyewe. Bowie alizaliwa Brixton, London, mwaka 1947, jina lake halisi David Jones. Kufikia 1974 alikuwa mashuhuri kwa kujipaka rangi na kuimba akiwa mtu mwingine kabisa, mhusika aliyemtunga mwenyewe. Alikuwa mwigizaji kuliko alivyokuwa mwimbaji, na hakulificha hilo. Agosti mwaka huo, mwezi uleule Rais Nixon alipojiuzulu, aliingia studio ya Sigma Sound mjini Philadelphia. Joe Tarsia aliifungua studio hiyo mwaka 1968, na humo Kenneth Gamble na Leon Huff walikuwa wakirekodi waimbaji weusi kama The O'Jays. Muziki huo Wamarekani weusi waliuita soul, yaani nafsi, roho. Mzungu alipouimba walikuwa na jina lake pia, soul ya macho ya buluu, na anayehesabiwa kulianzisha jina hilo ni Georgie Woods, mtangazaji mweusi wa redio wa mji huohuo wa Philadelphia, katika miaka ya sitini. Kwa hiyo Bowie aliingia kwa wenyewe, mlangoni, mchana.

Aliwataka wapigaji wa studio ile. Wengi hawakupatikana, alimpata Larry Washington, mpiga konga. Ikabidi kikundi kiundwe upya. Mpiga gitaa alikuwa Carlos Alomar, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia New York, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. (Mwalimu alipotaja hilo darasa lilipiga makofi, watoto wa wachungaji tulikuwa wengi.) Alomar alikuja na mkewe, Robin Clark, ambaye ni mwimbaji, na rafiki yao wa umri wa miaka 23 ambaye hakuna aliyemjua, Luther Vandross. Jina hilo nalo lilituchekesha. Vandross alikaa pembeni akisikiliza wimbo unavyorudiwarudiwa, akaanza kujaribu na Robin itikio lililomjia kichwani. Bowie akalisikia, akalitaka lilelile. Vandross, Robin Clark na Ava Cherry wakawa ndio kwaya tuliyoisikia darasani. Tunaposema leo kwamba albamu ile ina roho, tuwe wakweli kidogo, maana sehemu kubwa ya roho hiyo iko katika wale wanaoitikia.

Nje ya studio vijana wa mji walikuwa wakikesha barabarani kumsubiri. Kazi ilipokaribia mwisho aliwaingiza ndani, wakawa watu wa kwanza kuisikiliza. Januari 1975 huko New York waliongeza wimbo wa Fame, uliotungwa na Bowie, Alomar na John Lennon. Albamu ikatoka Machi, na Septemba wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza Marekani, mara ya kwanza kwa Bowie nchini humo. Mwenyewe aliupa muziki wake jina ambalo adui yake angempa: soul ya plastiki.

Basi, mwizi?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na haitoshi kuwajibu kwamba muziki ni wa wote. Anayesema muziki ni wa wote mara nyingi ni yule ambaye hajaibiwa. Mwaka 1956 Pat Boone, kijana mweupe mwenye adabu, aliimba Tutti Frutti wa Little Richard, na kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa akapanda juu ya mwenye wimbo. Hakuimba vizuri zaidi. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuzilinganisha. Vituo vingi vya redio vilimfungulia mlango yeye kwa sababu ya sura yake. Hapo kilichochukuliwa si wimbo peke yake. Ilichukuliwa nafasi ya mtu mezani.

Hoja yao ya pili ni ya ndani zaidi. Wanasema sauti ile haikutoka kwenye koo tu. Ilitoka kwenye mashamba ya pamba na kwenye makanisa ya mbao ambamo watu waliouzwa kama mifugo walimlilia Mungu usiku. Mtu anaweza kuazima sauti, lakini machozi yaliyoitengeneza hayaazimiki. Mwenye kuivaa bila kulipa gharama yake amevaa ngozi ya mbuzi.

Hoja hii ilitunyamazisha kwa muda mrefu. Tunaiheshimu bado. Lakini tukiufuata wimbo nyuma kuelekea alikotoka, tunakuta njia haikunyooka. Muziki wa soul ulitoka kanisani. Ray Charles mwaka 1954 alichukua wimbo wa injili akauwekea maneno ya mapenzi, na waumini wengi walikasirika. Sam Cooke alikuwa kijana wa kwaya ya injili, The Soul Stirrers, kabla ya kwenda duniani mwaka 1957. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Kibaptisti wa Detroit. Na makanisa hayo yenyewe yaliimba nini zamani? Pamoja na nyimbo zao wenyewe, waliimba nyimbo za Isaac Watts, Mwingereza. Mzee mmoja alitangulia kuutamka mstari, kusanyiko likaufuata kwa sauti ya kuvuta, ndefu, yenye mapinda ambayo Watts hangeyatambua. Hata leo Wabaptisti weusi wa Marekani huita uimbaji huo wa kale kwa jina lake. Kwa hiyo Mwingereza alitunga, mtumwa akaazima na kuutia pumzi nyingine, mjukuu wa mtumwa akautoa kanisani akaupeleka kwenye redio, na Mwingereza mwingine akaja Philadelphia kuazima.

Je, hapo madeni yamefutana? Tusikimbilie kusema hivyo. Watts hakupoteza kitu watumwa walipoimba nyimbo zake. Little Richard alipoteza. Tunadhani kipimo kiko katika 2 Samweli 12, pale Nathani alipomsimulia mfalme habari za tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye kondoo mmoja. Nathani hakumuuliza mfalme kama nyama ilikuwa tamu, wala kama mgeni wa tajiri alishiba. Uzito wa kisa chake uko katika alichobaki nacho yule maskini. Ukitaka kujua kama wimbo umeibwa au umeazimwa, usimtazame anayeimba. Mtafute mwenye wimbo, umwangalie mikono.

Tukipima hivyo, santuri ile inapita, ingawa si kwa alama za juu. Vandross alikuwa na wimbo wake mwenyewe, Funky Music. Bowie aliupenda, akabadili maneno, ukawa Fascination. Kwenye albamu majina ya watungaji ni mawili, la Bowie na la Vandross. Mwaka 1976 Vandross aliurekodi wa kwake na kikundi chake, hakuna aliyemzuia. Mwaka 1981 akatoka peke yake, na kabla ya kufariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa sauti zinazopendwa kuliko zote Marekani. Alomar aliandikwa kuwa mtungaji wa Fame, akaendelea kufanya kazi na Bowie miaka mingi. Kuna kichekesho pia: James Brown, mkubwa wa muziki huo, ambaye Alomar aliwahi kumpigia gitaa, alitoa wimbo uitwao Hot ambao gitaa lake ni lile la Fame karibu lote. Aliyekopa akakopwa.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, na hapa ndipo baadhi ya wapenzi wa muziki wangependa tunyamaze. Mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya albamu hii, Bowie aliwaambia waandishi wa habari kwamba Uingereza ingefaidika na kiongozi wa kifashisti. Alikuwa ameharibiwa na kokeini wakati ule, na baadaye aliyakana maneno yale kwa aibu. Agosti mwaka huohuo, jukwaani Birmingham, Eric Clapton aliwatukana wahamiaji weusi na kutaka waondolewe Uingereza. Huyu ni mtu aliyejifunza gitaa kwa kuwasikiliza weusi wa Mississippi na Chicago, na ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo wa Bob Marley. Vijana wengi wa Uingereza walishtuka, ukaanzishwa mwamko wa wanamuziki dhidi ya ubaguzi.

Kwa hiyo mtu anaweza kuimba kwa sauti ya jirani yake, aimbe vizuri, alie machozi ya kweli anapoimba, na kesho yake amtake jirani huyo afukuzwe. Sisi tunaofundisha kwamba muziki hulainisha moyo tuliangalie jambo hili. Kuipenda sauti ya mtu si kumpenda mtu.

Hapo tumekwisha kuingia kanisani.

Mtume Paulo, katika Warumi 11, anawaandikia watu wa mataifa walioamini, yaani sisi. Anawaambia wao ni matawi ya mzeituni mwitu, yaliyokatwa kwao na kupandikizwa kwenye mzeituni wa shambani, yanyonye unono wa shina ambalo si lao. Kisha anawaonya wasijisifu juu ya matawi ya asili. Shina ndilo linalowachukua. Tumezoea kuusoma mfano huu kama habari njema ya kukaribishwa, na ndivyo ulivyo. Lakini ni habari pia ya watu wanaoimba nyimbo za wengine. Zaburi si zetu kwa kuzaliwa. Zilitungwa na watu wengine, kwa lugha nyingine, kuhusu mji ambao mababu zetu hawakuujua. Mito ya Babeli haikupita kwetu. Hata hivyo, kila Jumapili tunasimama na kuziimba kana kwamba ni sisi tuliokaa kando yake. Mbele ya Israeli, sisi sote tuna macho ya buluu.

Na kanisa, je, lilimtendeaje mwenye wimbo? Sisi Walutheri hatuna pa kujificha. Baba yetu wa imani, Martin Luther, mwaka 1513 alianza kazi yake ya kufundisha Biblia kwa kufafanua Zaburi, na alizipenda mpaka kufa. Mwaka 1543 aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi akishauri masinagogi yao yachomwe. Ni mtu yuleyule aliyeimba Zaburi asubuhi. Makanisa ya Kilutheri duniani yameyakana maneno yale, na ni vema, lakini yaliyakana baada ya karne nne, na baada ya moto wenyewe kuwashwa nchini mwake. Tunaposikitika juu ya Clapton jukwaani Birmingham, tukumbuke mimbara ya Wittenberg.

Tumesema Bowie aliita kazi yake plastiki. Wengi wanamsifu kwa ukweli huo. Sisi tunasita. Kuna ungamo linalosafisha na kuna ungamo la ujanja, linalosemwa mapema ili mtu aendelee na safari bila kuulizwa. Mlevi anayecheka akisema mimi ni mlevi bado hajaacha pombe. Dietrich Bonhoeffer aliita jambo la namna hiyo neema ya bei rahisi. Ungamo la Bowie tunaloliamini zaidi lilikuja mwaka 1983, katika mahojiano na MTV, kituo cha televisheni cha muziki kilichokuwa kikipata faida kwa kumwonyesha. Aligeuka akamuuliza mtangazaji mbona wasanii weusi wanaoonyeshwa ni wachache hivyo, na mbona wanawekwa saa za usiku wa manane. Mtangazaji akajitetea, Bowie hakumwachia. Hakutaja deni lake popote, lakini mtu anayejua habari za Philadelphia alielewa anachokilipa. (Wengine hupenda kutaja kwamba mwaka 1992 alimwoa Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Hiyo ni ndoa yao, tusiifanye risiti.)

Sasa turudi kwetu. Katika Kanisa letu tunaazima kwa mikono miwili. Luther mwenyewe alipowaandikia watoto wimbo wa Krismasi, Vom Himmel hoch, aliuanzisha kwa tuni ya wimbo wa mitaani. Wamisionari walituletea tuni za Kijerumani, tukazivalisha Kiswahili, na bibi zetu wakaziimba mpaka Wajerumani wakija hawazitambui. Wakati mwingine mto umerudi mlimani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya Mfurahini, Haleluya juu ya tuni ya Wahaya. Leo huimbwa Pasaka Ujerumani na Marekani, kwa lugha zao, na jina lake limeandikwa chini. Hatujasikia Mhaya hata mmoja akilalamika.

Mimbarani tunaazima pia, na hapo hatujisifu. Kila mwenye sikio usharikani anajua mchungaji wake akianza kuhubiri kwa sauti ya mhubiri wa televisheni. Koo linakwaruza, maneno yanakatwakatwa, neno amina linadaiwa kama kodi. Vijana wanapenda, sadaka inaongezeka. Tumejaribu wenyewe. Tulitoka madhabahuni tukiwa tumelowa jasho na hatukumbuki tulichosema. Je, ni dhambi? Yule mhubiri wa televisheni naye aliipata sauti hiyo kwa mwingine, na huyo kwa wahubiri weusi wa Marekani, palepale ulikotoka muziki wa soul. Sauti yenyewe haina kosa. Kinachotusumbua ni kwamba wao waliifikia sauti hiyo kwa sababu jambo walilolisema lilikuwa kubwa kuliko koo. Sisi tulianza na koo.

Hatusemi kwa hiyo kila mtu abaki na sauti yake ya kuzaliwa. Nani anayo? Mtoto husali kwa maneno ya mama yake miaka mingi kabla ya kuyaelewa, na siku moja, kitandani hospitali au kaburini, maneno yale yanakuwa yake. Aprili 1992, katika onyesho la kumkumbuka Freddie Mercury uwanjani Wembley, mbele ya maelfu ya watu waliokuja kusikia muziki wa rock, Bowie alimaliza kuimba, akapiga goti, akasali Sala ya Bwana. Hakuna sala iliyoazimwa zaidi ya hiyo. Wapo waliodhani anaigiza tena. Sisi hatuna mizani ya kumpima nayo. Tunajua tu kwamba sala hiyo ilitolewa ili iazimwe. Wanafunzi waliomba wafundishwe, wakapewa.

Tulisema swali la mwalimu lilitufuata. Lilitukuta usharikani, miaka kadhaa iliyopita, siku ya uzinduzi wa albamu ya kwaya. Wimbo uliobeba albamu uliletwa na mwanakwaya mmoja aliyeusikia kwenye mtaa wa mbali alikokwenda msibani. Kwaya iliupenda, ikaongeza kinanda, ikaondoa ubeti wa tatu kwa kuwa ulipunguza mwendo. Kwenye jalada tuliandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na kwaya. Tunasema tuliandika kwa sababu kalamu ilipita mikononi mwetu. Tulilisoma jalada kabla ya kwenda kuchapwa, na tuliona ni jambo dogo. Nakala ziliuzwa vizuri. Fedha zilipaua jengo la shule ya Jumapili.

Baada ya miezi mitano alikuja mwinjilisti mstaafu, mzee, amepanda magari mawili kufika kwetu. Tulimkaribisha chai ofisini. Alisema, "Mchungaji, nimeusikia wimbo wangu kwenye redio ya gari, nikafurahi sana. Mnaimba vizuri." Tulijiandaa kusikia habari za fedha. Mmoja wetu alikuwa ameanza kuhesabu kichwani kilichobaki kwenye akaunti ya kwaya. Lakini mzee hakuzitaja. Aliuliza tu ubeti wa tatu ulikwenda wapi. Alikuwa ameutunga usiku wa kuamkia mazishi ya binti yake, na beti nyingine zote, alisema, aliziongeza baadaye ili ubeti ule upate pa kukaa.

Tulimwomba msamaha. Alisema, "Hapana, baba, hamkujua." Ni kweli hatukujua habari za binti. Lakini tulijua wimbo una mwenyewe.

Jumapili iliyofuata tulitangaza kosa letu mbele ya washarika, na haikuwa rahisi; baadhi ya wanakwaya waliona tumewavua nguo hadharani, na wawili waliacha kuimba. Baraza la wazee lilipitisha mzee apewe sehemu ya mapato, akaipokea, akatoa fungu la kumi palepale. Kwaya ilirekodi upya, beti nne, polepole. Ubeti wa tatu unaimbwa na mwanakwaya mmoja peke yake, wengine wanaitikia. Jina la mzee liko kwenye jalada jipya, juu ya jina la kwaya.

Nakala za kwanza zilizobaki zimo kwenye sanduku chini ya kabati la vestri. Mhasibu ameuliza mara mbili kama anaweza kuziuza kwa bei ya chini ili nafasi ipatikane. Bado hatujamjibu.